Oili ya Ndugu Meneja

Siku Ndugu Pantaleo alipoleta gari lake kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, lilikuja linasukumwa. Matarishi wanne wa shirika walikuwa nyuma, mashati yameloa jasho, na yeye meneja kakaa kwenye usukani na miwani yake ya jua, anapungia watu mkono kana kwamba gari linakwenda. Fundi Mbaruku alikuwa chini ya lori la mtu, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Alichungulia, akasonya, akarudi chini ya lori. Aliwaacha wasimame juani mpaka alipomaliza kukaza nati ya mwisho, na nati yenyewe alikuwa ameshaikaza mara mbili.

Huyo ndiye Mbaruku. Miaka thelathini na mitano alikuwa akifungua injini katika uwanja ule ule, kati ya reli na maduka ya vyuma chakavu, na katika miaka yote hiyo hakukutana na mwenye gari ambaye yeye alimwona ana akili. Madaktari, mapadri, mashehe, Wahindi wenye viwanda, wote aliwatia kapu moja: watu wanaokanyaga wasichokijua. Mafundi wenzake aliwaita wapiga nyundo. Shikamoo aliipokea kwa kuguna. Lakini mkono wake, lo, ule ulikuwa mkono! Angepapasa beringi kwa kidole gumba akakwambia imelika kiasi gani, na ukienda kupima kwa kipimo unakuta kasema kweli. Ndiyo maana watu walimvumilia, ingawa kila aliyetoka pale alitoka kanuna.

Pantaleo alikuwa meneja wa ugavi katika shirika moja la umma ambalo kazi yake ilikuwa kugawa bidhaa na sifa yake ilikuwa kutokuwa nazo. Alikuwa na miaka thelathini na minane, kitambi cha miaka hamsini, na suti za Kaunda za rangi tatu. Alishuka garini akamwambia Mbaruku, mtu wa umri wa baba yake, "Habari, fundi." Hivyo tu, habari, kama anamsalimia muuza karanga. Mbaruku akampa mgongo. Alilizunguka gari.

Lilikuwa gari la Kiingereza, MG ya mwaka thelathini na sita, viti viwili, haina paa, magurudumu ya spoki kama ya baiskeli. Mwingereza mmoja wa shamba la mkonge aliliacha ghalani alipoondoka, kuku wakataga humo miaka kumi na tano, na Pantaleo akalipata kwa njia anazozijua mwenyewe. Meneja akataka kumwonyesha fundi injini. Alihangaika na boneti dakika tano akitafuta pa kuiinulia mbele, na boneti ya gari lile hufunguka ubavuni. Matarishi wakatazama pembeni kwa heshima. Mbaruku alitazama hapo hapo, tena kwa raha zake.

Shida yenyewe ilikuwa mashindano. Wakubwa wa mashirika walikuwa wamekaa wakabuni mbio za magari ya zamani, Jumapili moja asubuhi, zianzie Mnazi Mmoja, eti kuchangia ujenzi wa zahanati. Mwaka ule wa themanini na tatu watu walikuwa wakifua kwa majani ya mpapai. Sukari ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Mgonjwa wa Ilala alibebwa kwa mkokoteni kwa kuwa petroli hakuna, lakini petroli ya kuzungusha vigari vya Wazungu waliokwisha kwenda kwao, hiyo ilipatikana. Maskini akipata, matako hulia mbwata, na mwaka huo yalilia mpaka Posta.

Utauliza, sasa kwa nini Mbaruku hakumfukuza? Angependa. Lakini mwaka huo huo ilikuja Nguvu Kazi. Kila mkaazi wa mjini asiye na kazi inayojulikana alitakiwa apelekwe kijijini akalime, na mgambo walikaa kwenye kona za mitaa wakiuliza kitambulisho cha kazi au barua ya mwajiri. Mbaruku hakuwa na mwajiri. Alikuwa na uwanja, sanduku la spana na mikono miwili, na kwa macho ya mgambo hayo yote yalikuwa uzururaji. Alikwenda ofisi mbili kujieleza. Zote zilimtaka alete barua. Mtu aliyezaliwa Gerezani, baba yake kazikwa Kisutu, mtu ambaye jembe alilijua kwa kulipita dukani, alikuwa apakiwe kwenye lori apelekwe Rufiji akalime pamba pamoja na vibaka. Usiku halali. Hofu hiyo hakumwambia mtu, hata mkewe.

Pantaleo aliinusa. Watu wa namna ile hawajui boneti inafunguka wapi, lakini shida ya mtu wanaijua ilipo. Alisema gari likitengemaa na likikimbia mashindano, atamwandikia Mbaruku barua ya ajira yenye muhuri, Fundi Mkuu, Idara ya Ugavi. Mbaruku akajibu kwamba atalitazama gari. Akajichukia kwa kulijibu jambo lile kwa sauti ya chini.

Basi akalifungua. Na hapa lazima nimpe mtu haki yake. Mchwa walikuwa wamekula mbao za bodi, akachonga mpya kwa mninga. Klachi ya gari lile ilikuwa ya magome ya kizibo yanayozunguka ndani ya oili, kitu ambacho wapiga nyundo hawajawahi kukiona wala kukiota; alikwenda kwenye mlango wa nyuma wa hoteli moja ya Posta, akaomba vizibo vya chupa za mvinyo, akakaa siku tatu akivikata kimoja kimoja kwa wembe. Spoki alizikaza akizigonga kwa kucha na kusikiliza. Nati za injini ile hazikukubali spana yoyote iliyokuwa Dar es Salaam, kwa hiyo alizitengenezea spana zake mwenyewe.

Beringi ndizo zilizokuwa kazi. Injini zile za kale beringi zake hazinunuliwi dukani, humwagwa. Yanayeyushwa madini meupe, laini kama risasi, yanamiminwa kwenye mkono wa pistoni, kisha yanakwanguliwa mpaka yakae. Waliojua kumwaga walikuwa wazee wa karakana ya reli, na wengi walikwisha kufa. Alibaki Uwesu, mstaafu, aliyeishi hatua chache kutoka uwanjani, mtu mpole mwenye macho mabovu, na ndiye binadamu pekee ambaye Mbaruku hakumpa jina la kumkejeli. Walimwaga pamoja uani kwa Uwesu. Kisha Mbaruku akapaka krenki masizi ya koroboi, akazungusha, akatazama masizi yalipogusa, akakwangua. Akapaka tena, akakwangua tena. Siku kumi na moja. Aliyepita akamwona alidhani anakwangua nazi.

Injini ilipowaka, Mbaruku alizima haraka, akaenda kunawa uso bombani. Uwesu alimwona, akajua si masizi aliyokuwa ananawa.

Beringi mpya hazitaki papara. Maili mia tano za kwanza zinataka mwendo wa taratibu, hivyo kila alfajiri Mbaruku aliliendesha mwenyewe mpaka Pugu na kurudi, peke yake, kofia kaigeuza nyuma. Siku hizo hakumsema mtu. Alikuwa amekwisha kulipenda gari lile, jambo ambalo hakuwahi kulifanyia gari lolote wala watu wengi, na kila akilirudisha uwanjani moyo ulimuuma akikumbuka ni la nani. Pantaleo aliliendesha mara moja tu, akazunguka nalo Posta saa ya makarani kutoka kazini. Alikanyaga klachi kama anaua nge. Aliporudi akasema gari zito kidogo, na Mbaruku akamwambia hapana, uzito uko kwenye kiti. Meneja akacheka akidhani ni mambo ya kiufundi.

Pembeni ya uwanja ule alikaa Waridi, mjane, muuza vitumbua na balozi wa nyumba kumi. Nasema muuza vitumbua kwa mazoea tu, maana jiko lake lilikuwa baridi kwa mwezi wa pili sasa. Mafuta ya kula yalikuwa hakuna. Kila siku alikwenda na chupa yake kwenye duka la ushirika, Mtaa wa Msimbazi, akapanga jiwe lake la kushikia nafasi kwenye foleni pamoja na mawe ya wenzake, na kila siku alirudi na chupa ile ile. Alimwambia Mbaruku mara moja kwamba mtu asiyemwamkia mzee hatamwandikia mzee huyo barua, na kwamba kama anataka, yeye kama balozi atakwenda naye kwa katibu wa tawi wamsemee. Mbaruku alibetua mdomo. Akasemewe na muuza vitumbua! Akamjibu kwamba siku akitaka kitumbua atamwita. Waridi akajifunga khanga yake akaenda zake, na neno hilo hakulirudia tena.

Jumamosi alasiri, siku moja kabla ya mashindano, Mbaruku aliimwaga oili ya injini. Oili ya maili za kwanza inabeba vumbi la beringi, haifai kukimbilia. Aliikinga kwenye karai akaifunika gazeti. Oili mpya madukani haikuwepo, lakini Pantaleo alishasema asisumbuliwe na habari hizo, yeye nyumbani kwake ana makopo sita ya galoni, ataleta moja asubuhi.

Alilileta kweli. Jumapili saa tatu akaja amevaa ovaroli jeupe lililoshonwa na fundi cherehani, jina lake limetariziwa kifuani kwa uzi mwekundu. Nyuma yake matarishi wale wale, na karani wake wa kike amebeba kamera. Kopo lilikuwa la oili, maandishi ya oili, picha ya gari ubavuni. Kifuniko kilikuwa kimezibwa upya kwa nta ya mshumaa.

Mbaruku alikibandua kwa bisibisi. Hakuhitaji hata kuinama anuse. Akatia kidole, akakitazama juani, akakilamba. Uwesu, aliyekuja kushuhudia, alisimama kando yake na kumwona analamba. Yalikuwa mafuta ya pamba, safi, ya kupikia, hayajawahi kuona kikaango.

Alielewa papo hapo. Tangu operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi ianze, wenye vitu walikuwa wakivificha mpaka kwenye makaburi. Sukari ilifukiwa, khanga zilitumbukizwa visimani. Huyu mjinga alikuwa amechukua mafuta ya kula ya watu, yaliyopita mikononi mwake aende kuyagawa, akayatia kwenye makopo ya oili ili mgambo wakija waone oili. Kisha kasahau lipi ni lipi! Mwizi gani huyu asiyejua hata alichoiba kakiweka wapi? Mbaruku aliwadharau watu wengi maishani, lakini dharau aliyoipata pale ilikuwa mpya, ilimjaa kifua kizima.

Hata hivyo alifungua mdomo. Nataka hilo lijulikane.

"Ndugu Meneja," alisema, "haya mafuta..."

"Fundi," Pantaleo alimkatiza, mbele ya karani wake na matarishi, "nimekuita umimine. Sikukuita uhutubie."

Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa karatasi, akaikunjua mbele ya uso wa Mbaruku. Ilikuwa imepigwa chapa. Mbaruku aliliona jina lake, limeandikwa sawasawa, na muhuri wa duara chini yake. Pantaleo akaikunja tena akairudisha mfukoni. Akasema kombe kwanza, barua baadaye, na karani akacheka.

Karai la oili ya jana lilikuwa pale pale, hatua tatu, chini ya gazeti. Ingechujwa kwa kitambaa ingefaa kwa asubuhi moja. Mbaruku alilitazama. Akapiga hesabu yake ya kifundi: mizunguko minane, kama maili kumi na tano hivi. Mafuta ya kula yataibeba injini maili kumi na tano, yataibeba vizuri tu. Yatakuja kugandiana na pistoni baadaye, kesho au keshokutwa, barua ikiwa imekwisha kutua mfukoni mwake. Na hapo Ndugu Meneja atakuwa kaua injini yake kwa kopo lake na kwa domo lake. Injini aliionea huruma. Ilimchoma kweli, ile kazi ya siku kumi na moja na masizi. Lakini mtu aliyejazwa dharau hana nafasi ya kitu kingine. Haya, akasema moyoni, kunywa ulichokileta. Akamimina galoni nzima mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo wa injini kwa kitambaa, akafunga.

Alifikiria chuma, akafikiria joto, akafikiria muda. Pua za watu hazikumjia akilini.

Magari yalikuwa matano. La kuogopwa lilikuwa moja tu, Triumph nyekundu ya Ndugu Awadhi, mkubwa wa shirika jingine, mtu mwembamba aliyejua kuendesha. Njia ilitoka Mnazi Mmoja ikashika Uhuru, ikakunja kushoto Msimbazi, ikapita Kariakoo kuteremka mpaka Gerezani, ikarudi kwa Nkrumah. Kamba zilifungwa kando, mgambo wakasimama kila kona, na yote yalitakiwa yaishe kabla ya saa nane mchana, maana baada ya hapo Jumapili gari haligusi barabara, kwa amri ya kubana petroli. Mbaruku alisimama na Uwesu kwenye kona ya Msimbazi, penye foleni ya duka la ushirika. Duka lilikuwa limefungwa, Jumapili ile. Foleni ilikuwepo. Wanawake wanalinda mawe yao ya Jumatatu, chupa mapajani, Waridi miongoni mwao.

Mzunguko wa kwanza Awadhi alipita mbele, Pantaleo wa tatu. Wa pili, Pantaleo wa pili. Alikuwa haendeshi, alikuwa anang'ang'ania. Kila kona alikata kama anageuza mkokoteni. Ila gari lilimbeba. Injini ilikuwa inaimba, na Mbaruku, uso wake mkavu vile vile, alikuwa anahesabu mizunguko kwa vidole nyuma ya mgongo. Mzunguko wa tatu MG ikaipita Triumph pale pale mbele yao, na watu wa Kariakoo wakashangilia. Uwesu akamwambia taratibu kwamba ile ni kazi yake Mbaruku, si ya yule. Mbaruku aliguna.

Mzunguko wa nne gari lilipopita liliacha moshi mwembamba. Injini za namna ile huvuja oili kidogo juu zikipata moto, na inayovuja hudondokea bomba la moshi. Kila fundi anajua hilo. Moshi ukatambaa juu ya foleni.

Mwanamke mmoja akainua kichwa. Wa pili akamuuliza jirani yake nani anapika. Mtoto akasimama akaanza kulia anataka andazi. Harufu ile, nakwambia, ilikuwa ya kikaango kilichopata moto sawasawa, ya asubuhi ya Idi, na watu walikuwa hawajaisikia kwa mwezi wa pili sasa. Walitazama madirishani na vichochoroni. Halafu MG ikaja mzunguko wa tano ikiwa inaongoza, na harufu ikaja nayo, na ikaondoka nayo.

Waridi aliweka chupa yake chini. Hakupiga kelele. Aliivuka kamba akasimama katikati ya barabara ya Msimbazi, mkono kiunoni, na wanawake wa foleni wakamfuata mmoja mmoja mpaka barabara ikajaa khanga. Mzunguko wa sita Pantaleo alikuja wa kwanza, akalazimika kusimama hatua mbili kutoka kwa Waridi. Alipiga honi, na nyuma yake Awadhi na wenzake nao wakasimama.

Kamanda wa mgambo akaja mbio kuwafukuza wanawake. Waridi alimwambia yeye ni balozi wa nyumba kumi na anaomba kitu kimoja, gari hili lifunguliwe. Pantaleo akacheka, akasema haya mama, fungua, akijua hatajua pa kufungulia. Waridi alikwenda moja kwa moja ubavuni. Miaka mingapi alikaa kando ya uwanja wa mafundi! Akainua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipitisha kidole, akalamba.

"Hii si oili," alisema. "Haya ni mafuta ya kula. Tena mazuri."

Kijiti kikapita mkono kwa mkono. Kila aliyelamba aliitikia. Waliokuwa wanacheka waliacha. Kamanda naye alilamba, akamtazama Pantaleo kuanzia viatu mpaka jina la uzi mwekundu, akamuuliza nyumbani kwake kuna makopo mangapi ya namna hiyo. Uso wa meneja ukawa majivu. Alitafuta pa kushika, na macho yake yakamwangukia Mbaruku.

Akageuka karimu ghafla. Alitia mkono mfukoni, akaitoa ile barua, akainyoosha mbele ya watu wote. Alisema muulizeni huyu, huyu ndiye fundi wake, mfanyakazi wake halali wa idara, barua ya ajira hii hapa ina muhuri. Yeye ndiye aliyefungua kopo na yeye ndiye aliyemimina. Meneja anajua nini habari za oili? Kamanda akaipokea barua akaisoma kwa sauti, Fundi Mkuu, Idara ya Ugavi, na Gerezani nzima ikasikia cheo cha Mbaruku.

Watu walimfungulia njia mpaka akajikuta yuko mbele. Waridi alikuwa bado kashika kijiti.

"Mbaruku," alimuuliza, "ulijua?"

Swali dogo, na majibu yake mawili tu. Akisema alijua, ni mhujumu pamoja na bwana wake, na gari la polisi ndilo hilo lilikuwa linakuja. Akisema hakujua, basi Mbaruku wa Gerezani, miaka thelathini na mitano, aliyewaita wenzake wote wapiga nyundo, hawezi kutofautisha mafuta ya vitumbua na oili ya injini. Wapiga nyundo wenyewe walikuwepo. Walikuja kutazama mbio, wamejipanga juu ya ukuta wa duka, kila mmoja akiwa na neno lake alilowahi kutupiwa. Alimtafuta Uwesu kwa macho. Uwesu alikuwa anatazama chini.

"Sikujua," alisema Mbaruku.

Kicheko kilianzia ukutani kikateremka. Walicheka mpaka wakashikana. Mmoja akauliza kama sasa watu wapeleke magari yao kwake yakaangwe. Uwesu aligeuka akaenda zake, polepole, kwa kupapasa na fimbo, wala hakumuaga Mbaruku. Waridi alimtazama fundi kwa macho makavu. Akasema galoni nzima, watoto wa nyumba kumi wanakula mchicha wa chumvi, galoni nzima. Akajipangusa kidole kwenye khanga akarudi kwenye jiwe lake.

Pantaleo walimpandisha gari la polisi na ovaroli lake jeupe. Kamanda alibaki na barua mkononi, akamuuliza Mbaruku kama ni yake. Mbaruku aliitazama kwa mara ya pili siku ile. Jina lake lilikuwa sawasawa, hakuna herufi iliyokosewa. Akasema si yake, yeye hajaajiriwa na mtu yule. Kamanda akauliza, basi kazi yako nini, mzee? Na Mbaruku alifungua mdomo aseme mimi fundi, akawaona wale wa ukutani wanangoja alitamke neno hilo, akaufunga.

Kamanda akamwonyesha kwa kidole lori la Nguvu Kazi lililoegeshwa upande wa Gerezani, limekwisha kupakia watu kumi na saba waliokamatwa kwenye umati wa mashindano. Alipanda mwenyewe, akakaa juu ya tairi la akiba, nyuma ya kibanda cha dereva. Lilipoondoka na kuingia gia ya pili alisikia mlio, jino moja la gia limevunjika, dereva hasikii. Wakifika mlima wa Kongowe litawafia. Alivumilia gia mbili, tatu. Kisha mdomo ukamshinda, akamgonga mgambo aliyekaa karibu akamwambia lori lile bovu, amwambie dereva asimame alitazame.

Mgambo alikuwa kijana, hana hata ndevu. Alimtazama akatabasamu.

"Tulia, babu," alimwambia. "Kwanza kajifunze oili."